Ni Nani Aliye Mgonjwa?

Homa ikimshika mtu, jamaa zake hawabishani ni nani alazwe kitandani na ni nani ampikie uji, kwa sababu maradhi ya mwili yana mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Lakini huzuni isiyopungua kwa kupita kwa siku, woga usio na chanzo cha dhahiri, ghadhabu ya kijana isiyotulizwa na adhabu wala na zawadi, na chuki ya mume na mke ambao hapo zamani kila mmoja alikuwa furaha ya mwenziwe, ni maradhi ambayo mwenyewe hajulikani kwa wepesi. Na mtu mwenye insafu akiyachungua kwa utulivu huanza kushuku kwamba yule aliyelala huenda si mgonjwa peke yake, na pengine si mgonjwa mkubwa. Elimu ya kuzitibu nafsi kwa mazungumzo, ambayo kwa miaka mia na zaidi sasa imegawanyika katika madhehebu mengi, ya mtu mmoja, ya wawili waliooana na ya nyumba nzima, kwa hakika ni majibu mbalimbali ya swali moja tu: ni nani aliye mgonjwa? Wala swali hilo si la matabibu peke yao. Ni la dini na la falsafa, maana halijibiki mpaka kwanza tujue kama mja hukabili mateso yake akiwa peke yake, kama atakavyosimama peke yake mbele ya Muumba wake, au kama nafsi yake imeshikamana na nafsi za wengine hata isiweze kuugua wala kupona bila ya wao.

Jibu la kwanza la zama zetu lilitoka Vienna, nalo lilikuwa kwamba mgonjwa ni mmoja. Baina ya mwaka 1880 na 1882 tabibu Josef Breuer alimwuguza binti wa nyumba yenye neema, Bertha Pappenheim, ambaye vitabu vilimsitiri kwa jina la Anna O. Viungo vyake vilipooza bila ya mwili kuonekana na kasoro, macho yake yalimhadaa, na kwa muda lugha yake ya Kijerumani ilimpotea akawa anasema Kiingereza tu. Breuer aliona kwamba kila binti huyo alipopewa nafasi ya kusimulia mwanzo wa taabu fulani, taabu ile ilimpungukia; na ni mgonjwa mwenyewe, si tabibu, aliyeipa njia hiyo jina la tiba ya maneno. Mwaka 1895 Breuer na Sigmund Freud walikitoa kisa hicho katika kitabu chao juu ya histeria, na kutokana nacho ukaenea mtindo wa mgonjwa mmoja na tabibu mmoja katika chumba kilichofungwa mlango. Kitabu kilionyesha kuwa alipona. Kweli ni kwamba baada ya Breuer kumwacha alilazwa tena katika nyumba za wagonjwa, kisha kwa miaka mingi ya juhudi zake mwenyewe akapata nguvu, hata mwaka 1904 akaasisi jumuiya ya wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani na kusimama kuwatetea wasichana waliokuwa wakiuzwa kwa ukahaba.

Nimekirefusha kisa hiki kwa kusudi. Bertha aliugua alipokuwa akimwuguza baba yake aliyekaribia kufa, katika nyumba ambamo msichana mwenye akili kali aliachishwa masomo akae kungoja mume, ilhali ndugu yake wa kiume aliendelea kusoma. Baba, mama, ndugu na desturi za mji, wote walikuwa ndani ya chumba kile. Tabibu aliwaona wakipita katika maneno ya binti, lakini hawakualikwa kuketi. Kwa hiyo tangu mgonjwa wa kwanza wa tiba hii, nyumba ilikuwapo mlangoni ikibisha hodi, na ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya kufunguliwa.

Hata hivyo tiba ya mtu mmoja haikuwa bure, na wala haikuanza Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, na ndani yake akazipanga taabu za nafsi katika ghadhabu, woga, huzuni na wasiwasi, akaipambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyojulikana itokako, na akamuusia mtu ajiwekee akiba ya fikira njema katika siku za salama, ili zimfae siku ya dhiki. Karibu miaka elfu moja baadaye Aaron Beck, katika mji wa Philadelphia, aligundua kwamba wagonjwa wake wa sonona walipitiwa na mawazo ya haraka ambayo wao wenyewe hawakuyatambua, ya kwamba hawafai, hawapendwi, na kesho haina heri. Akawafundisha kuyakamata mawazo hayo na kuyahoji kama kadhi ahojivyo shahidi. Albert Ellis, ambaye alianza njia inayofanana na hiyo mwaka 1955, alikiri deni lake kwa Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa, aliyefundisha kwamba kinachomsumbua mtu si mambo yenyewe bali hukumu yake juu ya mambo hayo.

Mafundisho hayo ni mazuri, na tiba iliyojengwa juu yake ni ya unyenyekevu: haikawii miaka, haidai kujua siri za batini, na humwachia mgonjwa chombo cha kutumia mwenyewe baada ya kuagana na tabibu wake. Walakini lazima tuulize ni nani anayesema na ni nani anayeambiwa. Neno la Epictetus lina utukufu likitoka katika kinywa cha mtumwa anayejiambia mwenyewe. Likitoka katika kinywa cha bwana akimwambia mtumwa, lageuka kuwa ukatili. Mwanamke apigwaye nyumbani mwake, kisha akafundishwa kuisahihisha fikira yake juu ya kipigo, hakutibiwa. Amefundishwa kunyamaza kwa maneno ya elimu. Fikira ya kwamba yumo hatarini si maradhi. Ni akili yake nzima ikifanya kazi yake.

Kundi la tatu katika tiba ya mtu mmoja lilimfuata Carl Rogers, ambaye kabla ya kuwa tabibu wa nafsi alisoma katika chuo cha dini huko New York akakiacha. Yeye alifundisha, na katika mwaka 1957 akaandika waziwazi, kwamba linaloponya si ufundi wa tabibu bali hali yake mbele ya mgonjwa: awe mkweli asiyevaa uso wa bandia, amheshimu aliye mbele yake bila ya masharti, na amfahamu kana kwamba anaona kwa macho yake. Watu wengi wa dini wamelishuku fundisho hili, kwa kuwa husema kwamba kumsikiliza mtu bila ya kumhukumu ni kuihalalisha dhambi. Hapa nasimama upande wa Rogers, na hoja yangu ni ya dini. Toba ni mlango wa mwenye kosa. Lakini mwenye sonona aghlabu hana kosa ila hujihukumu usiku na mchana, na kumletea hukumu nyingine ni kumzidishia chakula kile kile kilichomlisha maradhi. Ayubu alipoangukiwa na misiba, rafiki zake watatu walikuja wakaketi naye chini siku saba bila ya kusema neno, na katika siku hizo saba walikuwa matabibu wema. Waliharibu walipofungua vinywa vyao kumtafutia dhambi iliyomletea mateso, hata mwisho wa kisa ni wao, si Ayubu, waliokaripiwa na Mungu. Na Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe wakamlaumu. Qurani haikumhesabia huzuni ile kuwa upungufu wa imani. Basi ni kwa idhini ya nani tunamwambia mgonjwa wa sonona katika misikiti yetu na makanisa yetu kwamba tatizo lake ni kutosali vya kutosha?

Mlango wa nyumba ulifunguliwa katika miaka ya 1950, na nchi ya Marekani ndiko ulikofunguliwa kwa upana zaidi. Murray Bowen, katika hospitali ya serikali huko Bethesda, alizilaza familia nzima pamoja na vijana wao waliorukwa na akili, akaona kwamba mwendo wa maradhi ya mmoja ulifuatana na mwendo wa mahusiano ya wote. Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, alifanya kazi na wavulana wa maskini wa jiji la New York waliopelekwa katika shule ya Wiltwyck kwa ukorofi wao. Wavulana hao walitengenea shuleni, wakirudi nyumbani wakaharibika tena, naye pamoja na wenzake akaamua kuwaendea wazazi na ndugu, na mwaka 1967 wakatoa kitabu juu ya familia za mitaa ya mafukara. Virginia Satir alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1964, juu ya kuitibu familia ikiwa imeketi pamoja. Wote hao, kila mmoja kwa lugha yake, walifika kwenye fundisho moja la kustaajabisha: kwamba nyumba yenye maumivu isiyoweza kuyataja huteua mtu mmoja, aghlabu mtoto, ayabebe kwa niaba ya wote, kisha ikamleta mtoto huyo kwa tabibu na kusema, huyu ndiye mgonjwa wetu.

Chukua mfano wa nyumba ambamo baba na mama hawasemezani ila kwa kupitia wengine. Mtoto wao wa kati, aliyekuwa mtulivu, anaanza kukataa shule, anaamka usiku akipiga mayowe, na hamu ya kula inamtoka. Wazazi wanakutana kitandani pake usiku wa manane, wanashauriana, wanakwenda pamoja hospitali, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wanasema kwa sauti moja. Mtoto hakufanya hila. Hajui hata kidogo kwamba maradhi yake ndiyo gundi iliyobaki katika ndoa ile. Hali yake ni ya baharia atokaye nje ya ngalawa akauning'iniza mwili wake juu ya mrengu upepo unapokuwa mkali: atazamaye kutoka pwani humwona amepinda na kudhani ana wazimu, ilhali kupinda kwake ndiko kunakokizuia chombo kisipinduke. Ukimwamuru akae wima kama watu wengine, na tanga ukaliacha lilivyo, umezamisha wote.

Watu wa bara letu hawakuhitaji kufundishwa hili na Marekani. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo, tabibu wa Nigeria aliyesoma Uingereza, alianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta, utaratibu wa kuwapangisha wagonjwa wa akili katika vijiji vilivyoizunguka hospitali, kila mmoja na jamaa yake wa kumwangalia, wapate tiba mchana na kuishi miongoni mwa watu jioni. Na katika pwani yetu, tangu kale, mwenye kusumbuliwa na nafsi hakuletwa kwa mganga peke yake. Aliletwa na watu wake, na sehemu kubwa ya uaguzi ilikuwa ni kuuliza ni nani aliyegombana na nani, ni urithi gani ulioliwa kwa dhuluma, ni mzee gani aliyesahauliwa. Simtetei mpiga ramli, wala sisemi kwamba majibu yake yalikuwa ya kweli, maana mara nyingi yalizaa tuhuma za uchawi zilizovunja koo na kuwatesa vikongwe wasio na hatia. Nasema tu kwamba swali lake la kwanza lilikuwa bora kuliko swali la Vienna.

Kwa wenye ndoa kadhalika hatukuwa bila ya mafundisho. Somo na kungwi walikuwapo, wazee walikuwapo, na Surat an-Nisaa, katika aya ya 35, iliwaagiza Waislamu kwamba panapohofiwa mfarakano baina ya mume na mke apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Serikali ya Tanzania nayo, katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliweka kwamba shauri la talaka, isipokuwa katika hali maalumu, lisifike mahakamani kabla ya kupita katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Kitu ambacho tiba mpya imekiongeza juu ya hazina hii ni jicho la kutazama namna watu wanavyogombana, kuliko kile wanachokigombania. John Gottman huko Seattle aliwarekodi mume na mke wakizungumza juu ya ugomvi wao, akaona kwamba hasira yenyewe haivunji ndoa kama ivunjavyo dharau, ile ya kukunja uso na kumdunisha mwenzi. Sue Johnson, pamoja na Leslie Greenberg, walijenga huko Canada katika miaka ya 1980 tiba iliyosimama juu ya jambo moja: kwamba chini ya lawama za mmoja na kimya cha mwingine mna ombi lile lile la kutaka kujua kama mwenzi yupo na kama atajibu akiitwa, na mmoja anapozidi kulaumu ndipo mwingine anapozidi kunyamaza, na kimya hicho kikazaa lawama mpya, hata mzunguko wenyewe ukawa adui wa wote wawili. Mume aliyezoea kuondoka kwenda barazani kila mkewe alipoanza kusema, akifahamishwa kwamba mkewe hamfukuzi bali anamwita, amefahamishwa jambo kubwa.

Lakini hapa ndipo penye hatari, nami nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Jibu la kwamba nyumba nzima ndiyo mgonjwa ni la kweli, na ukweli wake waweza kugeuzwa kuwa pazia. Mara ngapi baraza la wazee, likitafuta suluhu, limemwambia mke mwenye uvimbe usoni avumilie, asitoe siri ya nyumba, afikirie watoto? Mara ngapi binti aliyedhulumiwa na jamaa wa karibu ameketishwa mbele ya ukoo, akatakiwa kusamehe ili jina la ukoo lisiingie aibu? Sitara ni neema kubwa katika desturi zetu na katika dini zetu, nami siidharau. Lakini sitara iliyotandikwa juu ya dhuluma huilinda dhuluma. Waganga wema wa ndoa wa siku hizi wanajua hivyo, na ndiyo sababu kabla ya kuwaketisha mume na mke pamoja humwona kila mmoja faraghani na kumwuliza kama anaogopa. Na mahali penye kipigo na vitisho hawaketishi watu wawili meza moja, kwa kuwa mwenye kuogopa hawezi kusema kweli mbele ya amwogopaye, na akiisema huenda akailipia usiku. Mabaraza yetu na ofisi za dini zetu hazina budi kuifuata kanuni hiyo. Amani ambayo gharama yake hulipwa na mtu mmoja si suluhu. Ni ushindi wa mwenye nguvu ulioandikwa kwa wino wa heshima.

Twauona mfano wa njia zote mbili, ya mtu mmoja na ya wengi pamoja, zikikutana kwa haki katika mashariki ya Congo, miongoni mwa ndugu zetu wa lugha moja. Wanawake waliobakwa katika vita vya huko walibeba majeraha mawili, la kitendo chenyewe na la aibu waliyotupiwa na waume na majirani, na wengi waliamini katika nafsi zao kwamba wao ndio wenye kosa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ulifanywa katika vijiji 16: katika baadhi yake wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, na katika vingine walipata kikao kimoja cha faragha na vikao 11 vya pamoja, ambamo fikira ile ya kujitia hatiani ilipimwa kwa upole mbele ya wenzao wenye jeraha lile lile. Waliokaa pamoja walipata nafuu kubwa zaidi ya wenzao. Hapa mafundisho ya Beck yalitumika mahali pake, kwa kuwa fikira iliyosahihishwa ilikuwa ya uongo kweli: mwanamke hakuwa na kosa. Na jamii ilitumika mahali pake, kwa kuwa haikuitwa kumnyamazisha bali kumshuhudia.

Sasa naweza kulijibu swali nililoanza nalo kwa kadiri ya nguvu zangu. Vitabu vya dini vinasema mambo mawili ambayo msomaji mwepesi huona yanapingana: kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na kwamba tumeamriwa tuchukuliane mizigo. Upinzani huo waondoka tukitenga maradhi na dhima. Maradhi ya nafsi yaweza kuwa ya nyumba nzima, yakapita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu bila ya yeyote kuyakusudia, na kwa hiyo kuyatibu ni kazi ya wote. Dhima haigawanyiki hivyo. Kila mmoja ataulizwa juu ya mkono wake na ulimi wake, wala mwenye kupiga hatasema siku hiyo kwamba nyumba ndiyo iliyopiga.

Kwa sababu hiyo nawasihi mashehe, mapadri na wazee wa mitaa, ambao mgonjwa huwaendea kabla ya kumwendea mtu mwingine yeyote, wamsikilize kabla ya kumwombea, wamwulize faraghani, waifanye siri yake kuwa amana isiyofika hata kwa mwenye cheo, na wasione haya kumpeleka kwa mwenye elimu ya ushauri nasaha au kwa tabibu wa akili maradhi yanapozidi uwezo wao, kwani kumwombea mtu hakumzuii kutibiwa. Nawe msomaji, kama nyumbani mwako yuko mmoja ambaye nyote mmekubaliana kwamba ndiye tatizo, nakuomba kwanza umwulize mkiwa wawili tu kama kuna amwogopaye. Akisema yuko, msimamie yeye dhidi ya huyo, hata akiwa ni mkubwa wa nyumba. Akisema hayuko, usimpeleke peke yake kwa tabibu: nenda naye, uchukue na wengine wa nyumbani, na mlango ukifunguliwa uingie uketi.